Jina la Mwenye Chombo

Jumatano, 8 Januari

Kila mwaka mpya kampuni hutugawia sisi mawakala kalenda moja na shajara moja yenye jalada la bluu. Kalenda huitundika kibandani. Shajara nilikuwa nampa baba, naye aliandika humo idadi ya madumu ya pombe ya ulanzi, miche ya misindano, na majina ya wagonjwa aliowapeleka hospitali kwa gari lake, maana alisema siku Mungu akimuuliza asije akababaika. Mwaka huu hakuna wa kumpa. Tulimzika tarehe nne Desemba. Shajara imekaa mezani wiki nzima ikinitazama, leo nimeamua kuiandika mwenyewe.

Nijitambulishe, kama karatasi inahitaji salamu. Mimi ni Yusta, nauza bima za magari na pikipiki hapa Nyololo, njia panda ya kwenda Mgololo. Watu wananiita Mama Hewa, kwa sababu wanasema nauza kitu kisichoshikika. Siku hizi hata stika ya kubandika kiooni haina kazi tena. Unalipa, mtandao unakubali, ujumbe unaingia kwenye simu yako, na trafiki akiandika namba ya gari kwenye simu yake anaiona bima yako au anaona pengo. Basi. Hewa tupu, lakini ni hewa yenye tarehe.

Ijumaa, 10 Januari

Mvua tangu alfajiri. Nimeuza bima moja, ya pikipiki. Mchana nimesinzia mezani, nimeamka sijui kama ni leo au jana.

Jumanne, 14 Januari

Ulanzi umeanza kutoka. Asubuhi ukipita njia ya Mgololo unawaona wagema wamejikunyata kwenye mianzi, wanakata ncha za machipukizi na kutundika mbeta zao za kukingia utomvu, na hewa yote inanukia utamu wa kitu kinachoanza kuchacha. Huu ndio msimu ambao watu wetu huongea polepole. Hata wasiokunywa wanatembea kama waliokunywa, na mimi, ambaye hata nikiwa mkavu akili yangu huzurura, ndiyo kabisa.

Clement, mdogo wetu wa mwisho, amechukua ufunguo wa Hilux ya baba na kuanza kusomba madumu kutoka vijijini kuyaleta kwenye vilabu vya hapa barabarani, kama baba alivyokuwa akifanya. Hakuna aliyemruhusu wala aliyemkataza. Saa tatu ukungu ulikuwa bado umelala juu ya lami, malori ya magogo unayasikia kwanza kabla hujayaona. Nikausikia ule mlio wa ekzosi iliyotoboka, nikainuka kumtengea baba kiti. Kweli, niliinuka. Likatokea gari jeupe, taa moja hafifu, na kwa muda wa pumzi moja aliyekuwa kwenye usukani alikuwa ni baba. Halafu akashuka Clement na kofia ya baba kichwani.

"Vipi, dada? Mbona umenikodolea?"

"Hamna. Nimekufananisha."

"Na mzee?" Akacheka. "Hata trafiki wamenifananisha. Wamenipigia saluti."

Alipoondoka nimeangalia kwenye mfumo. Bima ya gari inaisha tarehe kumi na nne Februari. Nimefunga mfumo haraka, kama mtu aliyefungua chumba kisicho chake.

Jumatatu, 20 Januari

Mama bado anaichaji simu ya baba. Anaifunga kwenye kitambaa cheupe, anaiweka kabatini, na kila Jumapili anaitoa na kuichomeka. Hatujamuuliza kwa nini, na sidhani kama tutamuuliza.

Jioni hii nikiwa nachambua maharage ikalia mle kabatini. Wote wawili tulishtuka. Mama akaifungua ile simu taratibu, akanipa. Ulikuwa ujumbe wa kampuni yetu wenyewe: Ndugu mteja, bima yako inakaribia kuisha.

"Inasemaje?" akauliza.

"Matangazo tu, mama."

Akaipokea, akaikunja tena kwenye kitambaa chake. Sikutaka kumsumbua. Tumekubaliana sisi watoto kwamba mama asisumbuliwe na jambo lolote mpaka matanga yaanuliwe.

Jumapili, 26 Januari

Baada ya misa nimemfuata baba mdogo Masumbuko nyumbani kwake. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nilimkuta anakarabati banda la nguruwe.

"Kamwene, baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Umenifuata mpaka huku nyuma, basi kuna neno."

Nikamweleza. Marehemu hakatiwi bima. Mfumo unataka jina la mwenye chombo aliye hai, na kampuni inakubali barua ya ukoo yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji, inayomtaja mtu mmoja anayelitunza gari mpaka mirathi ifunguliwe. Mtu mmoja tu.

"Jina la nani sasa?" akauliza.

"Lolote. La kaka Adrian, la Clement, lako."

"Au lako."

"Au langu."

Akaweka nyundo chini. "Yusta, mwanangu, matanga hayajaanuliwa. Ukiandika jina la mtu mmoja kwenye gari ya kaka yangu leo, umeshagawa. Umegawa bila kikao. Subirini Pasaka, Adrian akija kutoka Mbeya tutasema kila kitu hadharani."

"Na mpaka Pasaka litembee hivyo hivyo?"

"Gari ya Filemoni! Nani huku haijui hiyo gari?"

Nimerudi nyumbani najisikia mwepesi, na naona aibu kuandika hivyo. Nilitaka anikatalie. Gari likikatiwa bima kwa jina jingine, halitakuwa tena la baba, na ukungu wa asubuhi hautaniletea mtu yeyote.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua. Hakuna kitu.

Ijumaa, 14 Februari

Leo ndiyo mwisho wa bima ya gari. Nimewauzia bima watu watatu, na kila mmoja nimempa ile hotuba yangu: siyo kwa ajili yako, ni kwa ajili ya yule utakayemgonga. Nina sauti nzuri ya hotuba. Saa kumi jioni Clement amepita na madumu kumi na sita, nimempungia mkono.

Jumatatu, 17 Februari

Trafiki wanasimama hatua kama kumi kutoka kibandani kwangu, kwa hiyo nikiwa sina mteja nawatazama. Kuna mpya, Afande Eveline, amehamishwa kutoka Tukuyu. Mkali. Hapokei chochote, haongei mengi, anaandika namba kwenye simu, anasubiri mtandao, na mtandao wetu wa huku ukiwa umelala anapanda juu ya jiwe la mpaka wa barabara na kuinua simu juu mpaka imjibu. Leo amemweka pembeni mwalimu mmoja ambaye bima yake imeisha jana tu. Mwalimu alibembeleza mpaka akakauka. Baadaye alikuja kwangu kukata nyingine, akinuna kana kwamba mimi ndiye niliyeimaliza.

Halafu likaja letu. Wenzake walimnong'oneza Eveline, nikamwona anashusha ile simu aliyokwisha kuiinua. Akasogea dirishani.

"Hii ndiyo gari ya yule mzee? Poleni sana na msiba. Pita, kaka."

Sasa naelewa. Msiba wetu umegeuka bima. Kila mtu barabara hii amewahi kubebwa na baba, yeye au mgonjwa wake au jeneza lake, na wote wanalipa kwa kutulegezea. Ni wema mtupu. Sijui kwa nini umenikosesha hamu ya kula.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa mimi na mama na Clement.

Jumanne, 11 Machi

Nataka niandike yote kabla kichwa changu hakijayageuza kuwa ndoto, maana kinaweza.

Saa mbili na nusu asubuhi mteja wangu mmoja wa bodaboda alikuja mbio. "Dada Yusta, panda. Gari ya mzee imeingia mtaroni kule mteremko wa mianzi." Sikufunga hata kibanda. Ukungu ulikuwa wa kukata kwa panga. Tulikwenda taratibu, maji yakinidondoka kwenye nyusi, na njia nzima nilikuwa nafikiria maneno ya kumwambia baba nikimkuta. Baba, siyo Clement. Kichwa changu kilikuwa kimeshaenda.

Hilux ilikuwa imelalia tairi mbili ndani ya mtaro, pua imetazama juu. Madumu yamemwagika, barabara nzima inanuka ulanzi, povu jeupe linateremka na maji ya mvua. Clement amesimama ameshika kofia mikononi. Hana hata mchubuko.

"Breki zimekataa kidogo," akasema. "Matope tu haya. Hakuna kitu, dada."

Ndipo nikawaona. Wanawake sita, na vikapu vya kuchumia chai mgongoni. Walikuwa wanashuka kwenda zamu, siyo wa kwetu, hata sura moja sikuijua. Wamejipanga ukingoni mwa barabara kama walivyokuwa wanatembea, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mwisho alikuwa amekaa chini. Kiatu chake kimoja cha mpira kilikuwa chini ya tairi la mbele, kimekandamizwa kabisa, kisigino tu kinaonekana. Alikuwa anacheka. Anacheka tu, hawezi kuacha, na mwenzake amemshika bega.

Nikapiga magoti. "Umeumia, mama?"

Akatikisa kichwa, anacheka, machozi yanamtoka.

"Unaitwa nani? Unatoka kijiji gani?"

Wenzake wakatazamana. Yule aliyemshika bega ndiye aliyejibu: "Hatuna shida na mtu, dada. Tunakwenda zetu." Wakamwinua. Nilivua kandambili zangu nikampa, akavaa. Wakaondoka wakiwa wamefuatana vilevile, na baada ya hatua ishirini ukungu ukawafunika. Nilisimama pale miguu mitupu kwenye povu la ulanzi. Sikuwa nimepata jina hata moja.

Wanaume wakaja, wakalisukuma gari likatoka. Walikuwa wanataniana. Mmoja akasema mzee Filemoni mwenyewe ndiye aliyeshika usukani, ndiyo maana hakufa mtu. Clement akacheka nao. Nikaokota kile kiatu, nikamwonyesha.

"Kama angekuwa hatua moja nyuma?"

"Lakini hakuwa."

"Ungempeleka hospitali kwa hela ya nani? Na watoto wake wangekula nini? Ungempa nini, Clement? Jina la baba?"

Akasema kwa sauti ya chini, ya yule Clement niliyekuwa nambeba mgongoni: "Dada, mimi nikiacha kuendesha, nitakaa wapi? Humo ndani tu ndiyo bado namsikia."

Na mimi namsikia humo humo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekuja Mbeya kumwona Adrian, kaka yetu mkubwa. Ana duka la spea pale Mwanjelwa. Njiani nimelala kutoka Makambako mpaka Chimala, nikawaota wale wanawake. Wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, wanagonga mlango mmoja baada ya mwingine, wanauliza mwenye gari ni nani. Kila mlango unafunguliwa na mtu mwenye kofia ya baba, na kila mmoja anasema siyo mimi. Nimeamka shingo inauma, jua limewaka juu ya mashamba ya mpunga, na dada aliyekaa pembeni yangu ananiuliza kama naumwa.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Tangu Desemba mimi na Clement tumekuwa tukisema Adrian analitaka gari, ndiyo maana yuko kimya. Nilimkuta kabanwa na mikanda ya feni na mabushi, amekonda.

"Kaka, andika jina lako. Nimekuja na fomu."

Akaitazama fomu bila kuigusa. "Niandike jina langu? Mimi nina duka mjini, nina gari yangu. Watasema Adrian hajashiba, anataka na la baba. Andika lako."

"Mimi ndiye wakala. Ujumbe utaingia kwangu. Clement atasema nimejikatia urithi kwa kidole kimoja."

"Basi la Clement."

"Utakubali?"

Akatazama nje. Mlima Loleza ulikuwa umevaa wingu mpaka mabegani. "Sitakubali," akasema. "Siyo kwamba nalitaka, Yusta. Ila nikisikia limeandikwa jina la mwingine, nitajua baba amekufa. Mimi sijalia bado, unajua hilo? Nilifika siku ya mazishi, nikashughulikia turubai na vyakula, nikarudi. Sijalia."

Akaingia nyuma ya duka. Nilikaa kwenye kiti chake nikamuuzia mteja mmoja balbu ya taa. Nimemkosea kaka yangu miezi mitatu mizima, nikidhani ukimya wake ni tamaa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi. Gari linatembea. Mvua haikati.

Alhamisi, 20 Machi

Clement amepita mara mbili. Eveline kasema pole mara mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Nimefanya.

Saa nne Eveline alikuja kibandani kujikinga mvua. Nikampa chai. Alishukuru kwa lugha ya kwao, "ndaga," akashika kikombe kwa mikono miwili. Tukatazama maji yakitiririka barabarani. Nilisikia mdomo wangu unaongea kabla sijauruhusu.

"Afande, Hilux nyeupe ya marehemu baba yangu. Ikipita kesho, naomba uikague."

Akageuka. "Dada Yusta. Gari ya msiba?"

"Ikague kama unavyokagua nyingine."

"Unajua nitakachokiona?"

"Najua. Nauza hicho kitu."

Akaimaliza chai. Alipoinuka akasema, "Unajua watakuchukia." Nikamwambia najua. Kwa kweli nilikuwa sijui.

Jumanne, 25 Machi

Saa tatu kasorobo. Ukungu. Nikasikia ekzosi. Leo sikuinuka.

Eveline akasimamisha, akaandika namba, mtandao ukawa umelala. Akapanda juu ya jiwe lake, akainua simu. Sisi wote tulimtazama akiwa juu pale, wenzake, Clement, mimi, wauza mahindi ya kuchoma, kama watu wanaongoja mvua ianze. Nilijikuta naomba mtandao usikubali. Nakiri. Ukakubali.

Clement alishuka akiwa anatabasamu, akidhani ni utani. Walipomwambia alipeleke gari kituoni ndipo uso wake ulipobadilika. Alitazama upande wangu. Mimi sikuangalia pembeni, hilo tu ndilo nililoweza kumfanyia.

Alhamisi, 27 Machi

Clement amekuja. Hakukaa.

"Eti ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umemkamatisha baba."

Akaondoka. Ningependa angenitukana.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani wakati wa kupeana amani mikono ilinipita kushoto na kulia. Kuna mama mmoja baba aliwahi kumpeleka kujifungua saa za hatari. Alinitazama akatikisa kichwa. Nje baba mdogo Masumbuko ametangaza kikao Jumamosi ijayo, matanga yaanuliwe kabla ya Pasaka, maana gari la kaka yake haliwezi kulala polisi na mwanaukoo akanywa uji wake kwa amani. Alisema hayo akiwa amenipa mgongo.

Mama peke yake ndiye ameniwekea maji ya kuoga. Hajaniuliza kitu. Nikafikiri: maskini, hata hajui kinachoendelea.

Jumamosi, 5 Aprili

Adrian alifika jana kwa basi. Leo saa nne tulikaa, wanaume kwenye viti, sisi kwenye mkeka karibu na mlango. Mama alikuwa nyuma yangu, ameegemea ukuta, ngozi ya maharage bado imemganda kwenye vidole. Walianza na mimi. Nilisimama nikasema nilichosema kwa Eveline, bila kupunguza. Nikakitoa kile kiatu cha mpira kwenye mfuko nikakiweka katikati. Sijui kwa nini nilikibeba. Hakuna aliyekigusa.

Baba mdogo akasema tutafute jina moja la kwenye barua. Yakaanza yale yale, kwa heshima kubwa. Clement akasema yeye hawezi, ni mdogo. Adrian akasema hawezi, yuko mbali. Wote wawili wakasema Yusta hawezi, na macho yakawa chini. Baba mdogo akasema yeye atasemwa kwamba anamrithi kaka yake mapema. Ilikuwa kama sahani ya nyama inayozungushwa na watu wenye njaa, kila mmoja anasema nimeshiba.

Ndipo mama aliposema kutoka nyuma: "Andikeni mimi."

Baba mdogo akageuka taratibu. "Shemeji, haya ni mambo ya gari na serikali..."

"Nimesikia. Andikeni mimi." Hakupandisha sauti. "Gari lile tulinunua mwaka ule wa mahindi mazuri, mahindi yangu na misindano yake. Mmekaa miezi minne mnaogopana nyie kwa nyie. Umekwenda Mbeya, Yusta, umekwenda kwa baba yako mdogo, umekwenda mpaka kwa polisi. Kwangu ni hatua ngapi kutoka kitandani kwako?"

Nikakitazama kile kiatu.

"Ule ujumbe uliniambia ni matangazo. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Niliusoma kabla sijakupa. Nikasema ngoja nione nani atakuja kuniuliza. Mnaniwekea chai, mnaniwekea mto, mnanong'ona nikiingia. Baba yenu ndiye aliyekufa. Mimi nipo."

Clement alianza kulia kwanza. Halafu, nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia, nikageuka, alikuwa Adrian, amejifunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yanamruka. Mama aliinuka kwenye mkeka, akapita katikati ya wazee, akaenda akasimama nyuma ya kiti chake na kumwekea mkono kichwani. Hakuuondoa mpaka Adrian alipomaliza kulia. Nje mvua ilikuwa imekatika, na tulikuwa tunasikia matone ya mgomba tu.

Baba mdogo aliandika barua mwenyewe. Alipofika kwenye jina akauliza, kwa sababu miaka yote alimwita shemeji: "Jina lako la ukoo wenu ni lipi vile?"

Jumapili, 6 Aprili

Clement amekula chakula nilichopika. Hajasema na mimi, lakini amekula.

Jumanne, 8 Aprili

Asubuhi kweupe. Mama amekuja kibandani na barua ya ukoo ndani ya bahasha, muhuri wa mtendaji bado unang'aa. Amevaa gauni la kanisani na viatu vya kufunika. Clement amemsindikiza, akabaki nje, ameegemea nguzo. Ameambiwa na mama kwamba akilichukua gari kituoni atengeneze breki kwanza, na ameitikia.

Nikamtengea mama kiti cha wateja. Nikafungua mfumo. Nikajifanya karani.

"Jina la mwenye chombo?"

"Paskalina Kihwele."

"Kazi?"

"Mkulima."

"Namba ya simu?"

Akaitaja ya kwake, ya laini mpya aliyosajili jana, bila kusoma popote. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote, kwamba bima hii ndogo haitengenezi gari lake likiharibika, ni ya kumtibu na kumlipa mtu ambaye gari hilo litamuumiza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogeza kiti, akatazama kioo cha simu yangu kwa makini, mstari kwa mstari.

"Na hao watu wenyewe," akasema, "unawaandika wapi?"

"Hawaandikwi, mama. Hatuwajui. Ni yeyote atakayekuwa barabarani siku hiyo."

Akageuka akaitazama barabara. Watu walikuwa wanapita, wenye majembe, wenye vikapu, mwanamke na mtoto mgongoni ambaye hakutuona. Mama aliwatazama mpaka wakapita wote.

"Basi jina langu liandike vizuri," akasema. "Wakinitafuta wanipate."

Nikaliandika, nikamsomea mara mbili kwa sauti, ndipo nikabonyeza.